Julienne Arudisha Jeneza

Urbain alikuwa akibandika kioo kipya kwenye simu ya muuza mahindi, pale kwenye meza yake ya kutengeneza simu sokoni Warwick, dada yake Julienne alipofika akiwa amejitwika jeneza. Julienne alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Jeneza lilikuwa lile lile, la kahawia inayong'aa, lenye vishikio vya rangi ya dhahabu, na udongo mwekundu ulikuwa bado umeshika pembe zake. Wabeba mizigo walimpisha kama wanavyompisha mtu yeyote mwenye mzigo mpana. Muuza mahindi alisogeza beseni lake ili lipate pa kukaa, kisha akauliza kama simu yake iko tayari.

"Yaya," Urbain alisema, kama alivyozoea kumwita dada yake mkubwa. "Karibu, kaa."

"Sikai. Nimesikia mutoto anasumbuliwa juu ya hili sanduku. Twende tulirudishe."

Urbain alimaliza kubandika kioo kwanza, kwa kuwa gundi ilikuwa inakauka. Hakumtazama dada yake usoni.

Mtoto ni Glody, mwana pekee wa Julienne, anayecheza mpira wa kikapu katika chuo kimoja cha Marekani. Mwaka huu aliandikisha jina lake kwenye uteuzi, ule ambao timu za kulipwa huchagua wachezaji wapya, ili ajue wanamwonaje. Wakamwambia bado hajakomaa. Kanuni zilimruhusu kuliondoa jina mapema na kurudi chuoni, ilimradi hana wakala, na hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyepokea kitu cha wakala. Akaliondoa mapema. Akampigia simu mjomba wake pia, akamsihi: "Noko, mtu akija kusema anataka kunisimamia, usipokee kitu. Hata soda." Urbain alicheka. Akasema yeye si mtu wa kununuliwa kwa soda.

Kisha Julienne akafa, ghafla, kwenye foleni ya teksi za Glenwood. Cédric, mwenye ofisi Pinetown juu ya duka la matairi, ambaye siku nyingi alitamani kuwa wakala wa Glody, alikuja matangani na lile jeneza nyuma ya pikapu. Matangani kila anayetoa hutajwa mbele ya watu, na hatajwi kwa jina tupu. Lazima apewe nafasi katika familia, awe shemeji, awe jirani wa zamani, awe mtoto wa nyumbani, la sivyo ni kama umempokea kwa dharau. Urbain alishika kipaza sauti mbele ya simu iliyokuwa ikimwonyesha Glody mazishi moja kwa moja, maana makaratasi ya Glody hayakumruhusu kusafiri. Akatafuta nafasi ya kumpa Cédric.

"Tunamushukuru meneja wa mutoto wetu," alisema, na watu wakapiga makofi.

Video ilizunguka mpaka ikafika chuoni, na watu wa chuo wakapata mtu wa kuwatafsiria, wakaanza kumhoji Glody juu ya jeneza la wakala. Glody hakumgombeza mjomba wake. Aliuliza tu kwa nini. Urbain alimjibu kwamba hakukuwa na jeneza lingine.

Dereva wa teksi ya Pinetown alilipisha jeneza kama abiria, akamwomba Julienne akung'ute udongo miguuni. Mwanamke mmoja aliyesali naye zamani alimuuliza hali. Julienne alijibu kwamba ni nzuri, ila kule chini maji huingia mvua ikinyesha.

Walimkuta Cédric anakula wali. Aliwapa viti, akampa Julienne pole ya msiba. Alipoelezwa shida hakubisha. Alilipokea jeneza, akamwita jirani wa duka la matairi awapige picha, yeye upande mmoja, Julienne upande mwingine, jeneza katikati, akaituma chuoni hapo hapo.

"Mama, wewe uko mutu ya heshima," alisema. "Iko watu hawarudishi hata kalamu."

"Hata mimi singerudisha," Julienne alisema, "ila linabana mabega."

Jibu la chuo liliwakuta wakishuka Warwick. Lilikuwa la adabu. Walisema wameiona picha, na hawana shaka kwamba mama mwenyewe ndiye aliyerudisha. Lakini kanuni hutazama kupokea, hazitazami kurudisha, na tena kitu kilikwisha kutumika. Glody hataichezea tena timu ya chuo, na ufadhili wake wa masomo utaisha pamoja na muhula. Uteuzi wenyewe ulikuwa umeshapita bila jina lake.

Urbain alimsomea dada yake yote. Julienne alifungua ngata aliyokuwa amewekea mzigo kichwani, akaikunjua, ikawa kitenge.

"Basi nirudi," alisema.

Urbain alimsindikiza hadi makaburini. Kaburi lilikuwa wazi, udongo umerundikwa pembeni vizuri, kama kazi ya mtu anayejua atarudi. Julienne alisimama ukingoni.

"Urbain. Zénon alikuwa ametengeneza moja."

Jeneza la Zénon, seremala wa parokia, lilikuwa la mbao za kawaida, limepigwa randa likalainika, na siku ile lilikuwa tayari kwenye gereji ya kanisa. Urbain mwenyewe ndiye aliyekwenda kulitazama. Aliligonga kwa vidole, akawafikiria jamaa wa nyumbani Bukavu watakaoliona kwenye simu, akamwambia Zénon ampe mfiwa mwingine.

"Mutoto anafikiri ni kifo changu kilimukosesha shule," Julienne alisema. "Mwambie la Zénon lilikuwepo."

Akashuka, akajilaza kwa ubavu, akajifunika kitenge mpaka kichwani. Urbain alirudishia udongo kwa mikono, akausawazisha, akaupiga-piga kwa viganja.

Alikuwa bado amepiga magoti Glody alipopiga simu. Aliuliza kama mama amefika salama. Urbain akasema amefika. Kisha Glody akauliza kama mama alisema neno lolote.

"Amekusalimu," Urbain alisema. "Amekusalimu sana."