Injini ya Toyota kwenye Datsun ya Mama

Injini ya Datsun ilikufa Rongo, mbele ya akina mama wanaouza miwa. Mpira wa rejeta ulipasuka, maji yakamwagika yote, na mimi kwa ukaidi wangu nikaendelea kuendesha nikitafuta kivuli. Nilipopata kivuli, sikuwa na injini tena.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, gari la mbio la zamani, boneti ndefu kuliko kitanda cha mgeni. Baba mkwe wangu, marehemu mzee Oliver, alilinunua alipokuwa akifanya biashara ya pamba Homa Bay. Alipofariki, mama mkwe alilituma Migori likae chini ya banda, kwenye ua wa duka langu la simiti, kwa sababu wanawe wote wako Nairobi. Gari ni la Mama Phelesia. Mimi ni mtunzaji tu. Lakini ukitunza gari kama lile miaka tisa, unaliosha kila Jumamosi na kulitembeza mpaka Rongo na kurudi, unaanza kusahau ni la nani.

Na sasa lilikuwa linataka kuuzwa. James, shemeji yangu mkubwa, alikuwa amepata mtu Nairobi anayekusanya magari ya zamani. Huyo mtu angetoa milioni mbili na laki nane. Masharti yake yalikuwa mawili: gari liwe linawaka, na injini iwe ileile iliyoandikwa kwenye logbook, ile hati ya umiliki.

Nililivuta mpaka kwa Nchagwa, Mkuria mwenye gereji nyuma ya duka langu. Alifungua boneti, akanusa, akanitazama.

"Mzee Nicanor, hii umeipika. Ungeongeza kitunguu tu."

"Acha mchezo. Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Hedi imepinda, pistoni zimekwaruzika. Spea zake zitatoka ng'ambo, na utangoja. Halafu nikishamaliza utabaki na injini ya mzee ile ile, inachemka ikiona mlima."

"Ama?"

"Ama nikuwekee ya Toyota Mark Two. Silinda sita kama hii, spea ziko kila mahali. Nitakata hapa, nichomelee pale, nifupishe propela inayozungusha magurudumu. Utaenda mpaka Mombasa na usifungue boneti." Akapangusa mikono. "Lakini yule tajiri wa Nairobi akiona Toyota humo ndani, atageuza gari lake arudi."

Hapo ndipo nilipokwama. Nikitengeneza injini ya zamani, ninaliandaa gari liuzwe. Nikiweka ya Toyota, gari linabaki bandani kwangu, ila itasemwa kwamba Nicanor ameharibu urithi wa watu ili ajiwekee gari. Na pesa zile zingekuwa za Mama. Mjane wa miaka sabini na nane, mimi nani nimnyime milioni mbili na laki nane?

"Si umuulize mwenye gari?" Nchagwa akasema.

"Nimuulize aje? Ni mama mkwe."

"Hana simu?"

"Ana simu. Mimi ndiye sina mdomo wa kumpigia."

Kwetu Wajaluo, mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hamsalimiani kwa mkono, hamketi karibu, huli mbele yake ukilamba vidole. Sasa nimpigie simu nianze kumhoji habari za mali ya marehemu mume wake? Nchagwa alicheka mpaka akashika bodi ya gari.

"Kwetu ng'ombe akifa tunakula," alisema. "Nyinyi gari likifa mnaanza heshima."

Basi nikaamua kama mtu mwenye heshima. Niliagiza gasketi, nikaagiza pistoni na ringi zake, nikapeleka hedi, kile kichwa cha injini, ikasawazishwe. Kila nilipotuma pesa, roho iliniuma. Nilikuwa nalipa kwa mfuko wangu ili gari liondoke kwangu. Usiku sikuwa na shida, nalala vizuri siku zote, lakini mchana nilikuwa mkali kwa wateja mpaka mmoja akaenda kununua misumari kwingine.

Mke wangu Millicent alivumilia, kisha akachoka.

"Baba Edith, kwani hizo pistoni ni nani alisema ununue?"

"Ni heshima kwa Mama. Si anataka kuuza?"

"Alikuambia?"

"James alisema."

"James alisema kwamba Mama alisema?"

 James alikuwa amesema amepata mnunuzi. Hakusema kitu kingine.

"Na wewe ni binti yake," nikamwambia. "Mbona hukumuuliza?"

"Nilijua nyinyi wanaume mmeshamaliza. Hukuniuliza, na mimi sikukuuliza."

Jumapili hiyo tulienda Homa Bay. Nyumba ya Mama iko kwenye mteremko, unaona ziwa juu ya mabati ya jirani. Mimi niliketi kiti cha karibu na mlango. Mama aliketi mwisho wa chumba, akiutazama ukuta wenye kalenda. Millicent akawa katikati. Hivyo ndivyo tunavyozungumza, kwa Kijaluo, na kila neno linapitia kwake hata kama sote tumelisikia.

"Mama," Millicent akasema, "gari la Baba limeharibika injini."

"Nilisikia. Mwambie ora, huyo mkwe wangu, pole. Injini hiyo hata mimi ilinitesa."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ilikutesaje?" Millicent akauliza.

"Tukienda Mbita kwa dada yangu Awino, ni nani alikuwa anabeba maji? Baba yako alikuwa anashika usukani na miwani ya jua kama waziri. Mimi mtungi wa maji uko kati ya miguu. Tukifika mlimani, injini inatoa moshi, mimi nashuka na kitenge changu kizuri nakuwa mtu wa kumwagia rejeta. Nimefika harusi tatu nikinuka petroli. Nilimpenda baba yako. Injini yake, hapana."

Nilikohoa. "Mama Edith, mwambie Mama kwamba ile injini ndiyo mnunuzi anataka. Bila hiyo, hanunui."

Millicent hakuhitaji kurudia. Mama aliigeukia kalenda vizuri zaidi.

"Muulize ora: injini ikitoka, huyo mtu wa James ataacha kunipigia simu?"

"Ataacha," nikasema.

"Na James?"

"James atakasirika."

"Atakasirika halafu anyamaze?"

"Nadhani."

"Basi itoeni. Kila Jumapili nikitoka kanisani simu inalia, Mama tuuze, Mama tuuze. Pesa zenyewe wameshazigawa, nimesikia. Mimi nataka gari la kunipeleka kwa Awino kabla mmoja wetu hajafa. Lile dogo lisilobeba watu wengi. Nikipanda teksi ya Probox, nakaliwa."

"Na ile injini ya zamani, Mama?" Millicent akauliza. "Tuiweke stoo?"

"Ikiwa stoo James atairudisha. Iuzwe chuma, kwa kilo."

Hapo nilisahau adabu. "Kwa kilo! Mama, hiyo ni injini ya mzee!" Nilikuwa nimemwambia moja kwa moja, mbele ya mtu mzima. Millicent alifunika uso. Mabega ya Mama yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Mwambie ora," alisema, "kama anaipenda sana, aoe hiyo injini mke wa pili."

Nchagwa alifanya kazi yake wiki kadhaa. Iliyosumbua ni gearbox ya manual, maana Mark Two nyingi ni za kujibadilisha gia zenyewe. Ilipopatikana, alikata maunti za zamani zilizoshikilia injini, akachomelea mpya, akasogeza rejeta mbele. Siku ya kwanza alipoiwasha ilinguruma taratibu, bila ule mlio wa kabureta mbili uliokuwa ukiniamsha moyo. Nilisikitika kwa dakika kama tano. Kisha nikapanda barabara ya Rongo kwa kasi, nikarudi, na mshale wa joto haukutikisika.

Desemba tulimpeleka Mama kwa Awino. Nasema tulimpeleka, lakini gari lina viti viwili, na mkwe haketi bega kwa bega na mama mkwe wake. Millicent akashika usukani. Mama akaingia na mkoba tu, akainyoosha miguu yake akiitazama, kama mtu aliyepewa chumba kikubwa zaidi. Mimi nikapanda bodaboda nyuma yao, endapo wataharibikiwa.

"Fuata hiyo Datsun," nikamwambia kijana.

Tulipofika mlima wa kwanza akapunguza. "Mzee, hiyo siwezi fikia. Hiyo imeenda."

Nilifika Mbita nikiwa mwekundu kwa vumbi. Boneti ilikuwa imefungwa. Mama na Awino walikuwa wameshakula samaki na kunibakishia kichwa.

Gasketi, pistoni na kusawazisha hedi, ambavyo havikutumika: elfu sabini na sita na mia tano. Injini ya Toyota na gearbox, laki moja na elfu thelathini na tano. Kusafirisha kutoka Nairobi, elfu saba. Maunti na kuchomelea, elfu ishirini na mbili. Propela, elfu tisa na mia tano. Waya na pampu ya mafuta, elfu thelathini na moja. Rejeta, elfu kumi na sita. Kazi ya Nchagwa, elfu sitini. Ukaguzi na kubadilisha nambari ya injini kwenye logbook, elfu tano. Bodaboda mpaka Mbita, elfu moja. Jumla laki tatu na elfu sitini na tatu. Injini ya mzee ilileta elfu sita na mia tano za chuma, ambazo Mama alichukua. Milioni mbili na laki nane hatukuziona, na James hajanipigia simu mpaka leo.