Ruta Mkubwa Asubiri Kwanza

Mimi Theopista wa Kitendaguro sina subira na watu wanaojifanya hawasikii, na mwaka huu walionijaribu wako ng'ambo, hata sura zao sizijui. Ni wahariri wa waraka wa viwango vya dunia unaosema ruta mbili, vile vifaa vya kupitisha mtandao, zipokezane kazi namna gani. Mimi ni fundi wa mtandao wa vituo vya afya, Bukoba hadi visiwa vya Muleba. Rasimu mpya ilipotoka wakaomba maoni. Nikasema, haya, mmeyataka wenyewe.

Jambo lenyewe ni rahisi. Zahanati ya kisiwani ina ruta mkubwa na msaidizi wake. Mkubwa hutuma ujumbe kila sekunde kwamba yupo. Akinyamaza, msaidizi anashika kazi. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ni umeme ukirudi: mkubwa akiamka tu anamnyang'anya msaidizi kazi, na yeye mwenyewe bado hajaijua njia ya kwenda Bukoba. Sekunde arobaini hakuna mawasiliano. Kwetu Uhayani hata baba mwenye nyumba akitoka safari haanzi kutoa amri mlangoni. Anakaa, anatafuna punje za kahawa, anapewa habari za waliobaki. Ruta nani kamfundisha adabu hiyo? Anafuata kilichoandikwa, basi.

Sekunde hizo zilimkuta Nesi Petronila wa zahanati ya kisiwani mwezi wa tatu, anahangaika na mzazi anayetoka damu, daktari wa Bukoba akimwelekeza kwenye kishikwambi. Mama alipona, Mungu mkubwa. Lakini tangu siku hiyo Petronila hakukigusa tena kile kifaa. Kila mjamzito mwenye shida akawa anampakia kwenye boti, saa tatu majini, ziwa litulie lisitulie. Hilo liliniuma kuliko tusi.

Nikatuma kurasa nne za vipimo. Wakajibu kwa upole kwamba kwa watumiaji wengi sekunde arobaini si tatizo kubwa. Nikawaandikia jibu ambalo Avit, mwenzangu wa ofisini, alilisoma akalifuta bila kuniomba ruhusa. Akasema nikiwatukana nitakuwa nimewapa sababu ya kutonisikiliza. Tena akasema hao wamesikia namba zangu tu, aliyeumia hawajamsikia. Nilimnunia mpaka jioni, lakini alisema kweli.

Basi nikapanda boti. Petronila alinipokea kwa samaki na maneno makali, kwamba sisi mafundi tunakuja kuangalia taa zinawaka, tunaondoka. Nikamwomba anisimulie, niandike vilevile.

"Andika hivi," akasema. "Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwa mgonjwa. Daktari akaniambia, sasa fanya. Halafu sikumsikia tena. Nilihesabu mpaka thelathini na nane. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile."

Nikatuma hayo, pamoja na sentensi moja niliyoitaka: kifaa kinachorudi kisichukue kazi kabla hakijazijua njia zake. Siku ya tisa wakajibu kwamba sentensi imeingia kwenye rasimu. Nililia palepale ofisini, Avit akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Mwezi wa nane mtengenezaji wa ruta zetu akatoa programu ya majaribio inayofuata rasimu hiyo. Nikarudi kisiwani, nikaiweka. Petronila hakutaka maelezo yangu. Alimpigia daktari mwenyewe kwa kile kishikwambi, wakasalimiana habari za siku nyingi, na huku wanaongea akachomoa waya wa umeme wa ruta mkubwa. Daktari akaendelea. Akauchomeka tena. Hapo ndipo nilipomsogelea Petronila, maana kuanguka si kazi, kazi ni kurudi. Nikaona midomo yake inahesabu. Mkubwa akaamka, taa zikawaka zote. Petronila alifika mia na ishirini, na daktari alikuwa bado analalamikia migomba yake ya Kashozi.

Nje kwenye benchi alikaa Jesca, mke wa mvuvi Mashimba, mimba ya miezi saba na kizunguzungu, akisubiri boti ya mchana impeleke kwa daktari. Petronila alimwambia daktari asikate simu. Kisha akatoka mlangoni.

"Lete begi lako ndani, mama," akamwambia Jesca. "Leo huendi popote. Daktari yuko hapa."