Marehemu wa Katibu Tobia

Kwa miaka ishirini na miwili, watu saba waliofukiwa na udongo pale Kwemtindi walikuwa marehemu wa kawaida. Wake zao waliwalilia, watoto wao wakakua, na serikali, ya mkoloni kwanza na ya wananchi baadaye, haikuuliza hata mmoja wao aliitwa nani. Kisha mwaka 1974 ikaja barua kutoka wilayani: kila kijiji kitafute mashujaa wake. Katibu Tobia akakumbuka ghafla kwamba anao saba.

Aliwashika kama mtu aliyeokota mali. Saruji ikaletwa kutoka Lushoto, mbao za kiunzi kutoka Shume, na mnara ukasimama juu ya mteremko ule ule ulioporomoka. Uliandikwa majina saba ya waliokufa, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote, jina la katibu aliyesimamia ujenzi.

Esta, mjane wa Rubeni, alipewa kiti cha mbele. Kila mwaka alikaa hapo akisikiliza Tobia anavyosimulia jinsi wazungu walivyowachimbisha watu matuta wakati wa masika, jinsi mlima ulivyowashukia, na jinsi yeye Tobia, kijana mwenzao, alivyofukiwa hadi kiunoni akajichimbua kwa kucha. Mwaka wa pili alifukiwa hadi kifuani. Watu walilia, na aliyelia kuliko wote ni Klara, binti pekee wa Esta, aliyekuwa na miezi miwili baba yake alipokufa. Sasa alikuwa msichana mkubwa, kiongozi wa kwaya ya vijana, na baba aliyemjua ni yule wa hotuba.

Esta hakulia. Alimkumbuka Tobia wa siku ile vizuri kabisa. Alikuwa karani wa jumbe, kavaa soksi nyeupe, kasimama juu ya jiwe na filimbi mdomoni, akimpulizia kila aliyepumzisha mgongo. Udongo ulipoanza kunguruma alikuwa wa kwanza kukimbia, na soksi zake zilibaki nyeupe. Wanaume wa kijiji ndio waliochimba siku tatu mpaka wakawatoa wote saba. Rubeni alitoka wa mwisho, jembe lake mkononi.

Walimzika nyuma ya nyumba, migombani, wakamzungushia masale, mimea ya majani marefu. Ndivyo ilivyo desturi ya milima ile: yakishapandwa masale kaburini, hakuna atakayetia jembe ndani yake, awe Mlutheri au Mwislamu. Hata bwana mpimaji, aliyekuja kuzinyoosha nyumba za kijiji cha ujamaa kwa kamba na vigingi, alipofika kwa Rubeni aliipinda barabara yake akamzunguka.

Uongo wa Tobia ulimchefua Esta, lakini aliumeza. Mwenzake Mwanahawa, ambaye mumewe Abdallah alikufa siku ile ile, alimwambia kwamba mtu akidanganya ili watu walie, mwisho wa yote ni vitambaa kulowa tu. Mwaka wa tatu uongo ule ukadai watu. Tobia alitangaza kwamba mashujaa hawaenziwi kwa machozi bali kwa jasho. Siku ya kumbukumbu, masika yakikaribia, kila nyumba itoe mtu mmoja mwenye nguvu, wachimbe ekari sita za matuta. Wapi? Pale pale, kwenye mteremko wa mashujaa.

Mzee Danieli aliuliza kama hayo siyo matuta yale yale yaliyowaua watu. Bwana shamba alimjibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba yale yalikuwa matuta ya mkoloni na haya ni matuta ya kujitegemea. Mteremko haukuitwa mkutanoni, kwa hiyo haukupata kuelezwa tofauti hiyo.

Nyumba ya Esta ilikuwa na mtu mmoja mwenye nguvu. Klara alijiandikisha bila kuulizwa, tena akaomba safu ya chini, pale aliposimama baba yake.

Esta alikwenda ofisini kwa Tobia. Alimweleza kwamba mteremko ule umeanza kupasuka juu, kwamba maji yanatoka ardhini mahali ambapo hapakuwa na chemchemi, na matuta yatayashika maji hayo mpaka udongo ushindwe kujibeba. Tobia alimsikiliza huku akisaini karatasi. Alimjibu kwamba mjane wa shujaa akionekana kuwa na woga, watu wataanza kujiuliza yuko upande gani. Akamwomba afunge mlango akitoka.

Kwa binti yake hakupata nafuu.

"Mama, baba hakuogopa," alisema Klara.

"Baba yako aliogopa sana. Asubuhi ile alirudi mlangoni mara mbili."

Klara alichukua jembe lake, akaenda kwenye mazoezi ya sherehe.

Siku moja kabla ya sherehe, jua likiwa juu, Esta alichukua panga akaenda migombani. Aliyang'oa masale ya Rubeni, shina moja baada ya jingine, akilia sasa, yeye ambaye hakulia kwenye kiti cha mbele. Mwanahawa alikwisha kuyang'oa ya Abdallah kwake, naye akaja na mzigo wake kichwani. Wakalisawazisha kaburi kwa jembe, wakapanda maharage juu yake na kuchomeka vijiti vya kuyaegemeza. Klara alirudi kutoka kwaya akawakuta. Aliuliza kwa sauti ndogo mama anafanya nini.

"Namhamisha baba yako," alisema Esta. "Usiniulize zaidi."

Wale wajane wawili walibeba mafungu yao hadi kwenye mteremko, wakapanda duara mbili katikati kabisa ya kamba alizozivuta bwana shamba. Watu waliwaona. Walidhani ni mapambo ya kamati.

Kesho yake Mkuu wa Wilaya alifika na Landrova. Vijana sitini walisimama na majembe. Tobia akasimulia, na mwaka huo alifukiwa hadi shingoni. Kisha Esta akapewa kipaza sauti na karatasi ya kusoma shukrani. Karatasi aliikunja.

"Naishukuru serikali kwa mnara," alisema. "Ila wawili hawakupatikana. Rubeni wangu na Abdallah wa Mwanahawa wamo ndani ya mteremko huu mpaka leo. Miaka yote niliona aibu kusema. Kwa kuwa serikali imesema pale ni mahali patakatifu, jana tumewapandia masale yao."

Vijana waliyatazama yale masale, na mmoja baada ya mwingine wakashusha majembe kutoka mabegani. Safu ya chini ikarudi nyuma.

Tobia alicheka kidogo. Alisema mama yetu amechanganyikiwa na uchungu, wote saba walipatikana, yeye mwenyewe aliona wakichimbuliwa.

"Basi Ndugu Katibu atueleze," alisema Esta, akimtazama usoni. "Uliona ukiwa wapi? Wewe si ulikuwa umefukiwa hadi shingoni?"

Wazee walikuwapo. Danieli, aliyemvuta Rubeni kwa mikono yake mwenyewe kutoka kwenye tope, aliinamisha kichwa akawa anasoma makubadhi yake ya tairi. Hakuna mzee aliyefungua mdomo, maana kila mmoja alikuwa na mtoto kwenye ile safu. Kisha Tobia akakumbuka.

"Rubeni amezikwa migombani kwake," alisema. "Na masale yapo. Twendeni tukaone."

Mkuu wa Wilaya alikuwa mtu wa kupenda kuhakikisha. Msafara mzima ukashuka hadi kwa Esta. Tobia alitangulia mbio, akaingia migombani, akasimama. Palikuwa na udongo uliolimwa, na vijiti vya kuegemeza maharage. Bwana mpimaji aliigeuza ramani yake, akaitazama ile kona ya barabara kama mtu aliyeibiwa.

Mkuu wa Wilaya alimwita Klara. Alimuuliza, kwa sauti ya baba, kama baba yake amezikwa hapo.

Klara alivitazama vijiti vya maharage. Tangu alipojua kutembea, hapo ndipo alipokuja kuzungumza na baba yake kila Jumapili baada ya kanisa. Alimtazama mama yake, ambaye hakumsaidia hata kwa jicho.

"Hapana, mzee," alisema. "Hapa mama analima."

Basi Mkuu wa Wilaya akatamka kwamba mteremko ule ni makaburi ya taifa, na jembe lisiuguse. Aliyetangulia kupiga makofi ni Katibu Tobia.

Masika yale mlima uliporomoka, Jumanne moja saa nne asubuhi. Ulichukua nusu ya mteremko, kamba na vigingi vya bwana shamba, na hapakuwa na mtu chini yake. Mnara na yale masale yalibaki ukingoni. Tobia aliandika ripoti kwamba, kwa kuona mbali, uongozi ulikuwa umezuia kilimo mahali pale. Alipandishwa cheo.

Bwana mpimaji naye alifurahi. Kwa kuwa kwa Esta hapakuwa na kaburi, hapakuwa na sababu ya kona. Aliinyoosha barabara, ikapita katikati ya migomba, juu ya maharage.

Siku ya kumbukumbu iliyofuata, maandamano ya kuelekea kwenye masale yalipita barabara hiyo mpya. Esta safari hii alikataa kiti. Alisimama kwenye mlango wake wa nyuma akawatazama wakija wanne wanne, kwaya mbele, Klara mbele ya kwaya. Walipofika pale, Klara alitoka kwenye mstari, akazunguka taratibu kitu ambacho wengine hawakukiona, kisha akarudi mahali pake, akiendelea kuimba.

Tobia alikuwa nyuma yake na shada la maua mikononi. Alimkemea kwamba anaharibu mstari, akapita katikati.