Hewa ya Magunia

Miaka ile Likasi ilipojifunza kula mara moja kwa siku na bado kushukuru, Évariste alikuwa na baiskeli, kinga kwa usemi wa huko, ambayo kambi nzima ya wafanyakazi ya Panda iliionea wivu. Aliachiwa na mhandisi mmoja mzungu aliyekimbia vita ya mwaka tisini na nane. Chini ya kiti, nyuma, ilikuwa na amotisa isiyo na springi: bomba fupi tu lililosindiliwa hewa, na gurudumu likiingia shimoni, hewa hiyo inameza pigo. Ikiwa nyingi mno, chuma kinachoingia bombani hakinesi; ikiwa chache mno, kinalala chini na kugonga. Kila mzigo una hewa yake.

Hilo Évariste hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa amezeekea katika nyumba ya kompresa kiwandani, kabla mishahara haijakauka na mota hazijang'olewa na kuuzwa. Akachomelea keria kwenye bomba la kiti ili mzigo uikalie amotisa, akaijaza hewa ya kubebea magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, kutoka njia ya Koni, na kwa makala hayo yeye, mkewe Élisabeth na binti yao Glodie wakapata ugali. Kisha pampu ndogo ya mhandisi, ambayo mjini hakuna nyingine yenye nguvu ile, ikapasuka raba yake ya ndani. Akajaribu ngozi ya kiatu, akajaribu kipande cha tairi. Wapi! Tangu hapo hewa iliyomo ikawa ndiyo hiyo hiyo: ikitoka hairudi, na ugali unatoka nayo.

Asubuhi moja Élisabeth, aliyekuwa na mimba karibu ya kutimia, akaanza kutoka damu. Gari la wagonjwa lilikwisha kuwa hadithi ya wazee. Jirani yao Blandine akamchukua Glodie, akampa Élisabeth kitenge cha pili, akasema waende upesi, yeye atabaki akiomba. Évariste akakunja blanketi juu ya keria, akampandisha mkewe. Kisha akainama kwenye valvu, ukucha juu ya pini. Mwanamke si magunia. Kwa hewa ile ngumu angerushwa kama mahindi kwenye ungo. Élisabeth alimwona, akajua anataka kufanya nini.

"Baba Glodie, usiache mupepe itoke," akamwambia. "Kesho mutoto atakula nini? Minye nitavumilia."

Akatii. Nasema akatii, maana baadaye watu wa kambi walimsema sana, na hakuna aliyejisumbua kukumbuka kwamba mama mwenyewe ndiye aliyeomba.

Barabara ya kwenda mjini ilikuwa imebakiwa na vipande vya lami tu, mfano wa meno ya kikongwe. Kila shimo lilipanda moja kwa moja hadi kwenye keria. Évariste alimsikia mkewe akimtaja Mama Maria, kisha hata hilo akaliacha, akawa anaguna tu. Walipovuka reli, Élisabeth alitoa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia, hata siku ya kuzaliwa Glodie. Akasimamisha baiskeli. Liwalo na liwe, akasema, akabonyeza pini.

Na hapo ndipo ufundi ulipomponza. Mtu mwingine angeachia hewa ovyo na kuondoka zake. Lakini amotisa ile ilikuwa na pete nyembamba ya raba inayoonyesha chuma kimezama kiasi gani mtu akikaa. Ikisogea robo ya njia, hewa ni sawa. Na Évariste, maskini, ilikuwa miaka tangu afanye kazi inayotaka kipimo. Akamshusha mkewe, akairudisha pete mwanzo, akamkalisha, akaangalia. Haijafika. Akamshusha tena. Akaachia hewa kidogo, akiisikiliza jinsi alivyokuwa akizisikiliza kompresa zake. Akamkalisha. Bado. Aliogopa kuzidisha, kwa kuwa hewa ikipungua mno chuma kingegonga, na mkewe angeumia kuliko mwanzo. Haraka haraka haina baraka, alijiambia. Methali nazo zina siku zake za kuua mtu. Mama mmoja aliyepita na beseni la mihogo akamuuliza kama haoni mwenzake anavyolowa. Akamjibu kwa heshima kwamba yuko karibu kumaliza.

"Ikala tena kidogo, Mama Glodie," akambembeleza mkewe. "Kidogo tu."

Mwishowe pete ikasimama pale pale panapotakiwa, na moyo wake ukajaa furaha, ni aibu kusema lakini ndivyo ilivyokuwa. Akamfunga Élisabeth mgongoni kwa kitenge cha Blandine, kama mtoto, akakanyaga pedali. Shimo la kwanza, baiskeli ikashuka polepole, ikapanda polepole. La pili vilevile. Nyuma yake Élisabeth akaacha kuguna. Kichwa chake kikamlalia begani, kizito. Évariste akamwambia alale tu, na njia nzima akampangia maisha: makala basi, atabeba mikate, mikate ni myepesi, hewa hii itaitosha, na mtoto huyu akiwa wa kiume ataitwa kwa jina la baba yake Élisabeth. Tangu kiwanda kinyamaze hakuwahi kuwa na tumaini kubwa namna ile.

Mlangoni pa hospitali wakapokewa na mtawa muuguzi, ma sœur Simone. Akalifungua fundo la kitenge, akamshika Élisabeth shingoni, akamfunua jicho, akaweka sikio tumboni na kulikawiza hapo. Kisha akauliza huyu mama amenyamaza tangu wapi.

Évariste alikuwa bado ameushika usukani kwa mikono miwili, ili baiskeli isimtikise mkewe.

"Toka kule kwa reli, ma sœur," akajibu. "Toka minye nilitengeneza kinga. Ni hapo alianza kusikia muzuri."