Simu ya Kuposea

Mading alirudi Kakuma kutoka Juba na simu mbili, na mojawapo ndiyo ilikuwa ya kumpatia mke.

Mzee Mawien, baba mdogo aliyemlea Adhar, binti anayeposwa, hakumung'unya maneno: mahari yatazungumzwa kwa simu, maana kauli ya mwisho ni ya kaka yake mkubwa, Mzee Kon, aliyeko Bor. Kon angefika mjini Jumatatu, tarehe moja Oktoba, halafu angefuata ng'ombe kwenye malisho yasiyo na mtandao mpaka Machi. Na huko Juba kulikuwa na bwana mmoja mwenye ng'ombe themanini, anangoja tu Mading ajikwae. Simu, akasema Mawien, italetwa na mposaji.

Simu zenyewe sasa! Moja ilikuwa na laini tatu, tochi, antena ya televisheni na mlio wa kufufua wafu. Ya pili ndogo, nyeusi, na ukiiwasha, maandishi yote Kiarabu. Mading, maskini ya Mungu, alijua kwa moja amepigwa, kauziwa bandia, ila hakujua ni ipi. Akaenda zake Lodwar kwa Ochola, fundi simu.

"Ejok, Mading!" fundi akamsalimu Kiturkana. "Lete tuone."

Ochola akabonyeza tarakimu zile zinazoifanya simu itaje namba yake ya kuzaliwa. Ile ya makelele ikatoa sifuri tupu, mstari mzima. Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamtoka.

"Hii feki, ndugu yangu. Jumapili usiku serikali inazizima zote za namna hii." Akaigeuza ya Kiarabu, namba ikalingana na ile ya chini ya betri na ya kwenye boksi. "Hii ni ya kiwanda chenyewe. Ilitengenezwa iuzwe Uarabuni, ikapita njia za panya. Ikiharibika usimlilie mtu, dhamana huna. Lakini haizimwi."

"Na hayo maandishi?"

"Kuyabadilisha kunataka kompyuta, na yangu imekufa. Vumilia."

Mading akampelekea Mawien ile nyeusi kwa mikono miwili. Kwa bahati mbaya, ile nyingine ikalia mfukoni, mtaa mzima ukageuka.

"Unaniletea ndama, fahali umemficha!" Mawien akafoka. Akaipima uzito kiganjani, akaipigapiga mgongoni, akaisikiliza mlio wake macho yamefumbwa, vile anavyokagua ng'ombe wa mahari. "Hii! Wazee wote watasikia."

"Baba, hiyo ni feki. Jumatatu itakuwa imekufa."

"Mkwe bahili huyu!"

Sasa mtu utafanyaje? Mkwe habishani na ukweni. Mading alisema mara moja, akaiacha ile ya makelele mikononi mwa mzee, akarudi na ndogo.

Jumatatu wazee wakajaa uani, watu wa Mading wakakaa upande wao. Mawien akaivuta antena kwa madaha, akapiga. Hola. Akapiga tena. Mtandao hakuna. Akazunguka ua mzima ameinua simu juu, akapanda hata kwenye kigoda. Debe tupu lile, siku ya kuvuma ndiyo likanyamaza! Saa sita Kon angeondoka, na saa tano ilishapita.

Mawien akashuka kigodani. Jasho lilimtoka, na aibu pia.

"Mading," akasema, mbele ya watu wote, "ulinieleza. Mimi ndiye nilikataa. Lete ile ndogo."

Wakaweka laini ndani yake, na kumbe hakuna hata mzee mmoja anayesoma Kiarabu. Aliyesoma Khartoum ni mmoja tu, na kwa mila hatakiwi kikaoni. Akaitwa Adhar.

Akaja, akabonyeza huku na kule, akafungua spika. Sauti ya Kon ikajaa uani: "Nani ameshika simu?"

"Mimi, Adhar."

Wazee wakatazamana.

"Wanawake hawasemi kikaoni," Kon akasema. "Lakini kwa vile umeshashika, na mimi ng'ombe wananingoja, sema mwenyewe. Yule wa themanini, au huyu?"

Mawien akanyoosha mkono aichukue simu. Adhar akaigeuzia bega, akaisogeza mdomoni.

"Huyu," akasema, "na themanini msimdai."