Juu ya Deraya au Ndani

Demyan hakuwa amepanda ndani ya gari la deraya tangu vita vya kwanza vya mashariki. Siku ile bomu lililotegwa ardhini lililipuka chini ya gari lao. Waliokuwa ndani walikufa wote. Yeye, aliyekuwa amekaa juu akipunga upepo, alirushwa kwenye shamba la alizeti, akainuka akiwa amepungukiwa na jino moja. Tangu hapo alikaa juu, mfuniko wa mlango wa paani ukiwa wazi, miguu ikining'inia. Askari wengi wa umri wake walifanya vivyo hivyo. Kwao deraya ilikuwa kitu cha kukaliwa mgongoni, na mfuniko uliachwa wazi ili mlipuko ukija upate pa kutokea.

Vita hivi vya sasa, lakini, vilikuwa na droni, na droni hupenda sana mfuniko ulio wazi.

Dereva wake, Yarema, alilijua hilo kwa sababu alishaona magari mawili ya kikosi jirani yakiungua namna hiyo. Gari lao waliliita Ng'ombe, kwa kuwa lilikwenda polepole, lilikula mafuta bila haya na lilinuka. Kazi yake ilikuwa kubeba majeruhi. Kwenye televisheni wataalamu waliovaa mashati yaliyopigwa pasi walisema zama za deraya zimekwisha. Yarema angependa kuwauliza majeruhi wabebwe na nini, maana pikapu walizopewa zilikuwa zimeungua zote kabla ya Pasaka.

Jioni moja mke wa Demyan, Paraska, alimpigia simu Yarema mwenyewe.

"Bado anakaa juu?"

"Bado, mama. Kama jogoo juu ya paa."

"Mimi hanisikii. Ananiambia nipande viazi vyangu, nimwachie vita vyake. Lakini wewe anakupenda. Mtie ndani, Yarema. Nakuomba kama mwanangu wa kumzaa."

Yarema akaahidi. Baadaye alijiuliza ameahidi vipi jambo lililomshinda mke kwa miaka yote hiyo.

Asubuhi yake wakaamriwa kuwatoa majeruhi wawili waliokuwa wamefichwa chini ya ghala la ngano lililobomoka. Ukungu ulikuwa unaanza kuinuka, na hiyo ilikuwa habari mbaya, maana droni zingeanza kuwaona. Demyan alijipenyeza katikati ya wavu wa chuma waliouchomelea juu ya gari kuzuia droni, akakaa mahali pake pa siku zote. Yarema akazima injini.

"Washa," alisema Demyan.

"Shuka ndani ufunge, nitawasha."

"Mkuu wa gari hili ni nani?"

"Ni wewe, mkuu. Basi liendeshe kutoka huko huko juu."

"Mimi nimekalia haya madude tangu wewe unafutwa kamasi."

"Kamasi zimekwisha, mjomba. Siku hizi kifo kinatoka juu. Na wale wenzetu wanasubiri, damu inawatoka."

Demyan aliwalaani wahenga wote wa Yarema aliowakumbuka na wengine aliowabuni. Kisha akatupa sigara, akashuka, akavuta mfuniko. Alikaa kwenye benchi la kulia, ameshika chuma kwa mikono miwili, uso umemlowa jasho. Yarema hakuwahi kumwona akiogopa. Alimwonea huruma, akawasha injini.

Hawakufika mbali. Droni iliwakuta kwenye daraja, ikajipigiza juu ya wavu, ikalipuka kwa kishindo kilichomwaga vumbi lote la gari vichwani mwao. Ng'ombe aliyumba, akaendelea. Sauti ya Demyan ikasikika kwenye vipaza vya masikioni.

"Hapo ndipo yalipokuwa makalio yangu." Akaanza kucheka. "Haya, umeshinda, mpwa. Ila usimwambie Paraska. Atanisimanga mwaka mzima."

Waliwapakia majeruhi, wakawalaza upande wa kushoto, wakafunga kila kitu. Yarema alikuwa na furaha, furaha ya kweli, na alirudi kwa njia ile ile kwa sababu njia nyingine haikuwepo. Wakati wao wakipakia, droni nyingine ilikuwa imedondosha mabomu madogo ya kukanyagwa barabarani, yakajificha kwenye majani yaliyoota humo. Moja lililipuka chini ya upande wa kulia. Mfuniko ulikuwa umefungwa, na mlipuko haukupata pa kutokea.

Majeruhi wote wawili walipona. Yarema alitolewa damu ikimtoka masikioni. Demyan alikutwa amekaa pale pale kwenye benchi, ameshakufa, hana hata mchubuko.

Siku ya maziko kijiji kizima kilipiga magoti kandokando ya barabara jeneza likipita. Yarema alikuwa amejiandalia maneno ya kusema. Kwamba angekuwa juu, angekufa pale darajani. Kwamba wakati wa kurudi, kama angekuwa juu, huenda angerushwa tena shambani akainuka. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakujua aanze na lipi.

Paraska alimfuata mezani na bakuli la ngano tamu ya matanga. Aliinama karibu na sikio lake lililobaki likisikia kidogo.

"Alikuwa ndani?"

"Ndani, mama. Mfuniko umefungwa."

Akamshika shavu. "Basi ulinisikia. Angekuwa juu, ningekulaumu mpaka nife. Ahsante, mwanangu."

Akamlisha kijiko cha kwanza yeye, kabla ya ndugu wa marehemu. Yarema akafungua mdomo, akala.