Baba Aliyeitwa Muthoni

…na si aliwaambia wote, ndani ya gari la bosi wake, Ijumaa baada ya Ijumaa, kutoka Najma hadi huku Abu Hamour, swali likiwa gumu tabasamu, taja amani, taja mtoto wa kike, shukuru Mungu, shuka, yeye Ndirangu aliyefunza warembo wa Wakenya wa Doha tangu mashindano haya yaanze na hakuna aliyewahi kuzomewa, labda mmoja, na huyo alikuwa na homa, lakini huyu Nyaboke amesimama hapo jukwaani ameshika maikrofoni kama mwiko, ukumbi wa shule unazomea hadi viyoyozi havisikiki, na kalamu ya jaji Ndirangu inaning'inia juu ya karatasi, haishuki… swali lenyewe ni la Olivia, nesi, jaji wa katikati, ati warembo waulizwe mambo ya dunia, una maoni gani kuhusu ndoa za jinsia moja, hapa, Doha, simu zote zikirekodi, Charity, mrembo mwenzake, akatangulia kujibu, wafungwe wote na funguo zitupwe baharini, makofi, vigelegele, mtu akapiga kiti, kisha Nyaboke, msichana wa kazi za nyumba kule Al Thumama, akavuta pumzi akasema, kwetu Kisii nyanya yangu aliolewa na mwanamke mwenzake, ng'ombe walitoka, wazee wakala wakashiba, mimi ni mjukuu wa hiyo ndoa, sasa watu wawili wakipendana bila hata ng'ombe, mnataka mimi ndiye niwatenganishe?… “Ashindwe!” mtu wa nyuma, “shuka, dada, shuka!”, na Omondi mshereheshaji akacheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango… “Mzee Ndirangu,” Olivia ananong'ona, “ile ilikuwa mila ya kupata watoto tu, anachanganya mambo, mpe sifuri kama mimi,” na Harun wa mkahawa wa chai, jaji wa upande wa pili, “mimi nimempa tisa, wallahi, kwa ujasiri tu, maana sikubaliani naye hata kidogo,” kwa hiyo imebaki kalamu hii, ya Ndirangu, kati ya Charity na Nyaboke, na zawadi ni tiketi ya kwenda nyumbani na kurudi, na Nyaboke ana Marvin, aliyemwacha akinyonya, sasa akipigiwa simu mtoto anamwita anti… anti!… yeye Ndirangu naye alimwita nani baba, afisa wa vibali alipomuuliza jina la baba alisema Muthoni, Mwarabu wa watu akaandika bila kupepesa, na kuanzia hapo Wanepali na Wafilipino wa kwao Najma wanamjua huyo baba, Muthoni mwenye mabega ya kujaza mlango, Muthoni aliyeua chui kwa kigoda, wanamwambia rudia, Ndirangu, rudia ya chui, ila kukiwa na Mkenya chumbani hadithi inakatika, maana Mkenya gani asiyejua kwamba jina Muthoni huvaa rinda… na uongo mwingi ameusema lakini chui alikuwa chui, na kigoda kigoda, aliona kwa macho yake, Muthoni, mjane asiye na mtoto, mwenye shamba, aliyepeleka mbuzi wa mahari kwa kina mama yake Ndirangu kama mwanamume yeyote, akamleta mama nyumbani, na watoto wakamwita Baba, Baba chai imeiva, Baba mbuzi wamefunguka, hadi shuleni darasa zima likacheka, Ndirangu akapigana, akashindwa, na tangu hapo Mkenya akimuuliza anasema baba alikufa zamani… mila ya kupata watoto, Olivia anajuaje, alikuwepo?, nyumba chumba kimoja, kitanda kimoja, mama akitoka kuchuma chai Muthoni anamwosha miguu, anamfokea kwa kuchelewa huku anamwosha, na mama anamwekea ukoko wa ugali, hakuna mtoto aliyeuonja, na usiku wanacheka, taratibu, watoto wanauliza mnacheka nini, laleni, laleni huko… shamba gani hilo linalomchekesha mtu gizani?… na Muthoni alipozikwa mama akahamia upande wa Muthoni, wa ukutani, hadi leo hamlazi mtu kitandani humo, hata shangazi alipougua alitandikiwa chini… ama ni mazoea tu, watu wakizeeka pamoja huwa hivyo, ama si hivyo, ama mama mwenyewe hajui na hakuna aliyewahi kumuuliza, wote walikuwa wakihesabu watoto na mipaka ya shamba… “Mzee Ndirangu, yalla, harakisha, mrembo anachoka,” Omondi, na kweli Nyaboke ameinua kisigino kimoja kutoka kwenye kiatu cha kuazima, anamtazama, midomo yake inasema samahani anko bila sauti, samahani ya nini sasa, mtoto wewe, alama yako imeshajulikana, utaenda kumwona Marvin, akuite anavyotaka, hilo limekwisha, linalozuia kalamu ni lingine kabisa, linamtekenya kifuani hadi anajishika asicheke mbele ya Olivia, kwamba akitoka hapa atampigia mama simu, na hatamuuliza baba yangu ni nani, hilo analijua, alimwona na kigoda, atamuuliza, mama, kati yenu wawili, nani alimtongoza mwenzake…